Uhusiano Alioujua Bibi Fatu

Mbekenyera, Jumatano, Agosti 1998

Nimeisikiliza kanda ya leo mara tatu, na kila mara najichukia zaidi.

Swali nililiandika mwenyewe kule chuoni, kwa ajili ya tasnifu ya uzamili, na nililiona zuri: "Unauelezaje uhusiano wa Tanzania na Msumbiji?" Bibi Fatu, niliyemhoji leo, alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, mtoto mgongoni. Nilidhani atanipa sura nzima ya tatu.

Akafikiri kidogo, akaanza kunitajia ndugu zake. Dada yake alibaki ng'ambo. Shangazi yake aliolewa Nachingwea. Wajomba zake hajui wako wapi.

"Na huyo mtoto niliyekuja naye mgongoni, yeye sasa..."

Hapo nikamkatiza. Sauti yangu kwenye kanda ni ya karani aliyechoka. "Hapana, bibi, si uhusiano huo. Nauliza wa serikali na serikali."

Kuku analia mahali. Halafu yeye, taratibu, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno: "Basi, mjukuu wangu, huo wenu mimi siujui."

Nikazima. Wakati wa kuondoka alinifungia ufuta kwenye kitambaa, nikapokea kama mtu aliyestahili.

Kesho naweza kurudi, lakini nitaanzaje? Nimuulize tena kama vile sikumsikia?

Nilimkatiza nikihofia kanda itaisha. Sasa hivi nimeigeuza upande wa pili. Ni mtupu wote, na mtoto yule sijui hata jina lake.