Mafundo Mawili Chini ya Sahani

Mpendwa mshauri, nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, kwa maana jambo hili hata mume wangu Ndolo sijamwambia. Niko na kibanda cha chipsi hapa Kitengela, kando ya njia ya ng'ombe, kwenye ploti ya mzee Kisemei, na shida yangu kubwa ni maji, kwa sababu huku maji huletwa na mkokoteni wa punda na siku nyingine punda haji, kwa hivyo nikabuni njia yangu, kila sahani naivalisha juala la nailoni na kulifunga mafundo mawili kwa chini, mteja akishakula navua juala natupa, sahani inabaki kama haijaguswa, na jirani yangu Wanjira, ambaye huosha sahani zake moja moja, nimemcheka miaka mitano.

Majuala nayatupa nyuma ya kibanda cha Wanjira, si kwa ubaya, ni vile nikitupa kwangu upepo unayarudisha kwa wateja, na mvua ikinyesha yote hubebwa mpaka mtoni tukabaki safi.

Sasa mshauri, mwanzoni mwa mwezi huu ng'ombe wa Kisemei, yule mwekundu aliyempenda kuliko wote, alivimba tumbo akakataa nyasi, daktari wa mifugo akashindwa, ikabidi achinjwe, na sisi wapangaji tulikuwa tumeenda kumpa mzee pole, na tumbo lilipopasuliwa likatoka bonge la nailoni, nami nikaona mafundo yangu, mawili mawili. Kisemei akamwangalia Wanjira. "Hiyo takataka iko nyuma ya kibanda yako," akasema. "Umeua ng'ombe yangu. Mwisho wa mwezi utoke." Wanjira akaapa kwamba yeye huosha sahani, akanigeukia mimi niseme, nami nikatazama chini.

Jana mzee aliniambia nichukue nafasi ya Wanjira kwa sababu ni pana, nikamwambia asante. Nikisema ukweli nitafukuzwa mimi, na watoto wangu watatu wanategemea hicho kibanda, nikinyamaza usingizi haunipati, na tena nikiacha majuala nitaosha sahani na maji gani? Nisaidie, lakini ujue dirisha la Wanjira nimeshalipima pazia.

Mwenye Wasiwasi, Kitengela

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa pazia, majina yote kwenye barua yako nimeyabadilisha. Sikufanya hivyo kwa kukuhurumia. Nataka mwenye ng'ombe ayasikie haya kutoka kinywani mwako, asiyasome gazetini akinywa chai.

Pole kwa shida ya maji, na pole yangu inaishia hapo. Wanjira ananunua maji kwa punda huyo huyo, na siku asipokuja kwako hafiki kwake pia, lakini sahani zake zinaoshwa. Wewe ulichokosa ni hamu ya kuosha, ukaipamba hiyo ukaiita kubuni njia.

Eti mvua ikinyesha mnabaki safi. Mto wenu unaingia Athi, Athi ikishuka inaitwa Galana, kisha Sabaki, na Sabaki inamwaga kila kitu baharini karibu na Malindi. Mwaka juzi nilisimama pale ufuoni nikaona kasa amekufa, na maafisa wa wanyamapori walipompasua walitoa nailoni tumboni. Sisemi ilikuwa yako. Nasema miaka mitano hukujiuliza hata mara moja inakwenda wapi. Ng'ombe alikuwa na mwenyewe wa kufoka na kufukuza watu. Kasa hana ploti wala wapangaji, kwa hiyo wauzaji chipsi wote walilala salama.

Lakini lililonichefua zaidi ni hilo la Wanjira. Umecheka kazi yake, umemtupia uchafu wako mgongoni, umemwona akihukumiwa kwa ajili yako, na kwa hayo yote ukasema asante. Unaniambia usingizi haukupati, ila nguvu za kupima dirisha la mwenzako ulizipata.

Sikiliza basi. Kunja majuala yote yaliyobaki uyarudishe dukani. Nunua mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la kusuuzia, na mtungi mmoja wa ziada uujaze siku punda anapokuja. Anayekula hapo ale kwenye sahani iliyooshwa. Anayebeba abebe kwenye mfuko wa karatasi ya khaki au aje na bakuli lake kutoka nyumbani. Usifungie mtu chipsi kwa gazeti hili. Wino wetu ni wa kusomwa.

Hofu ya watoto wako naielewa, na Wanjira pia ana kibanda anachokitegemea. Huenda Kisemei akakufukuza. Ana haki, nami sitakuombea msamaha. Mwambie Ndolo leo. Kesho asubuhi mwende na Wanjira kwa mzee, na usijiandalie hotuba, kwa sababu najua utaanza na maji. Beba sahani moja na juala moja. Ivalishe sahani mbele yake, igeuze, ufunge mafundo mawili kama unavyofunga siku zote, kisha umpe ashike. Ameyaona mafundo hayo tumboni mwa ng'ombe wake, atayatambua.