Udhu wa Mguu Mmoja

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Tiketi za treni tunazo. Mishi amezituma kwa simu, yangu na ya mamake, Mwanatatu. Mwanatatu amefunga na kufungua mkoba mara tatu — nazi sita, mahamri, achari, na papa mkavu anayenuka hadi sebuleni. Kwani Naivasha hakuna chakula? Anasema papa hakuna. Kweli.

Miaka miwili sasa Mishi humpigia simu mamake tu. Haki yake. Alipopata kazi ya uaskari wa mbuga alikuja kuniomba radhi ya kwenda, hapa hapa Bofu, Likoni, amepiga magoti. Nikamwambia aende, ila radhi yangu asiitie mkobani. Mtoto wa kike, buti na bunduki, porini na nyati! Nilidhani atarudi baada ya wiki. Hakurudi. Sasa nakwenda kumpa radhi yake. Mwanatatu sijamwambia, ataanza kulia kabla ya treni.

Jumatano, 14 Agosti

Tumefika, alhamdulillahi! Baridi gani hii? Sweta mbili na bado meno yanagongana.

Mishi alitupokea stendi tuliposhuka matatu ya kutoka Nairobi, amevaa sare yake. Shikamoo baba. Marahaba. Nikafungua mdomo nilitoe lile neno, nikajikuta nauliza kama viazi vya huku ni vitamu. Akasema ni vitamu. Basi.

Chumba chake kimoja, kisafi. Kitanda ametuachia sisi. Msala alikuwa ameshautandika, umeelekea kibla. Hilo limenigusa.

Alhamisi, 15 Agosti

Naandika mguu ukiwa juu ya mto. Aibu!

Leo Mishi alikuwa na mapumziko, akatupeleka mbugani. Twiga kando ya njia, ngiri wanakimbia mikia juu. Kisha tukashuka bondeni. Kuta za mwamba huku na huku, mvuke unatoka ardhini, maji ya moto yanachuruzika jiweni — hakuna jiko, hakuna kuni. Subhanallah! Nilishukuru kwa kuwa nimeishi hadi kuyaona haya. Mwanatatu akataka kuyapasha mahamri moto kwenye mvuke. Mishi akacheka, kicheko kile kile cha utotoni. Kisha akatuonya: tusiguse maji mpaka ayajaribu yeye. Mengine hayatoi mvuke, lakini yanaunguza.

Adhuhuri ikaingia. Mimi, muadhini kwa miaka kumi na tisa, ninayewakemea vijana kwa kutoosha visigino! Nikajitenga kidogo, nikatia udhu kwa maji ya chupa. Mikono, uso, kichwa — yakaisha kabla ya miguu. Udongo wa kutayamamu maji yakikosekana ulikuwa tele, najua. Lakini pembeni palikuwa na kidimbwi kimetulia, safi, hakina mvuke. Nikatumbukiza mguu wa kulia.

Kelele niliyopiga, hata kipaza sauti cha msikiti wetu hakijawahi kuitoa.

Mishi alinifikia mara moja. Akanikalisha, akaumwagia mguu maji yake yote ya kunywa, polepole. Mamake akasema upakwe dawa ya meno. "La, mama," akasema, na Mwanatatu akatii. Mwanatatu, asiyekatazwa na mtu! Kisha Mishi akachuchumaa mbele yangu.

"Panda, baba."

"Mgongoni kwako? Wallahi sipandi!"

"Basi kaa hapa na nyani. Mie na mama twenda zetu."

Nikapanda. Kilo sitini na nane. Akanitoa bondeni jiwe kwa jiwe, anahema, ananiambia nishike hapa, niinamishe kichwa, pole baba, twakaribia. Mimi ndiye niliyesema kazi hii hataiweza. Nililia mgongoni mwake, kimya kimya, machozi yakamlowesha kola. Akadhani ni maumivu. Nikamwacha adhani hivyo.

Ijumaa, 16 Agosti

Malengelenge matatu tu. Daktari amesema ningechelewa kutiwa maji baridi ningeumia zaidi. Mola ashukuriwe, na Mishi.

Alfajiri alinipashia maji ya udhu. Kabla ya kunipa, akayajaribu kwa kiwiko — vile vile mamake alivyokuwa akiyajaribu ya kumwogeshea yeye. Nikasali nimekaa. Moyo umejaa.

Kesho twarudi Likoni. Yeye leo yuko zamu mpaka usiku. Kwa hiyo ni sasa.

Nimemwita. "Mishi." "Abee, baba." Kisha nikakwama! Nimeinamia daftari hili nijifanye nina shughuli. Yupo mlangoni, buti moja mguuni, jingine mkononi. Gari la kazini limepiga honi.

"Baba, wataka kuniambia nini?"

Honi tena. Amemwashiria dereva angoje. Haendi. Mwanatatu ameacha kukuna nazi, ananitazama.

Buti ameliweka chini. Anapiga magoti, kama siku ile. Kalamu naiweka, mkono wangu una kichwa cha kukishika