Matunda ya Hodan

Dadaab, Jumanne. Mwaka wa thelathini na tatu tangu tutoke Bardera, Somalia.

Mjukuu wangu Hodan alileta matunda mekundu ya porini kwenye ncha ya ushungi wake.

"Awowe," aliniita, yaani babu, "hizi ni dhafaruur?"

Nikasema ndiyo, kula, sisi tulikua tukila hizo. Alikwisha kutia moja mdomoni bibi yake alipomshika taya.

"Tema! Dhafaruur hushikana mbili au tatu. Hili la duara, peke yake, lina sumu. Na wewe mzee, vitabu vimekula macho?"

Alitema. Ni mzima, alhamdulillahi.

Niliwaahidi wajukuu kwamba tukirudi nitawaonyesha kila mti wa kwetu. Wananiamini, na hilo ndilo linanitisha: leo hata tunda la kwetu sikulitambua.

Kesho nitalifuta jina langu kwenye orodha ya wanaorejea. Sitarudi.