Sahihi ya Mama kwa Shamba la Nyakabere

Kisangani, 6 Mei 2023

Mama mpenzi,

Salamu nyingi. Huku tuko wazima. Magoti yako je?

Nimepata e-mail kwa jina lako, eti shamba la Nyakabere unampa Kankindi, jirani yetu. Huyo siyo wewe. Nashuku ni kaka Bruno. Simu yako anaishika yeye, hata tukiongea yuko kando. Na unajua shamba hilo la marehemu baba ndipo nataka kujenga.

Nenda Uvira, kwenye duka la kompyuta la Marie. Badili kwanza neno la siri, Bruno asilijue. Kisha omba cheti cha kidijitali, ni cha bure. Kitatia sahihi e-mail zako, nijue zimetoka kwako. Na kwa kuwa mimi ninacho tayari, utaweza kuzifunga nizifungue mimi tu. Bila sahihi hiyo sikubali neno.

Binti yako,
Fanny

Luvungi, 2 Juni 2023

Fanny mwanangu,

Bwana asifiwe. Magoti yanauma asubuhi, jua likitoka yananiacha.

Nilifika kwa Marie na kadi ya mpiga kura na picha mbili, nimevaa kitenge cha kanisani. Marie akacheka: "Mama, hapa picha haina kazi. Iko e-mail tu." Watoa cheti wakanitumia namba kwa e-mail, nikaiandika, cheti kikaja. Kwenye neno la siri Marie aligeukia ukuta. Bruno alibaki nje na pikipiki yake.

Sasa unasoma peke yako, sikia. Ile e-mail ya shamba ni yangu. Bruno alikataa kuniandikia, alisema utalia. Niliiandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Baba yako alipolala kitandani mwaka mzima, Kankindi alimlisha kwa kijiko. Wewe ulituma salamu. Sikulaumu, ulikuwa na kazi. Lakini yeye analima kwa watu, hana pake. Baba alitaka hivyo, nami nataka. Nakuomba ukubali, nisimpe huku umenuna.

Mama yako

Kisangani, 19 Agosti 2023

Mama,

Natumaini hamjambo wote. Nimechelewa kwa sababu nilikasirika.

Sahihi ni yako, kompyuta ilisema hivyo siku ile ile. Bado nilirudia kusoma, natafuta mahali ambapo siyo wewe. Sikupata.

Mpe Kankindi shamba. Barua hii sikuifunga. Mpe Bruno aisome, nimemkosea.

Binti yako