Kikasha cha Mia, Juu ya Milima ya Livingstone

Mpendwa Shangazi,

Kamwene. Mwezi uliopita nilifikisha kikasha cha mia, na nimeona nikuandikie wewe kwanza, kwani ndiwe uliyenifundisha mchezo huu kabla hujatutoka.

Hapa Makambako watu bado wananiuliza ni mchezo gani. Nawajibu kama ulivyowajibu walimu wenzako kule Njombe: "Mtu anaficha kikasha porini, anaweka alama kwenye ramani ya simu. Wewe unakifuata, unaandika jina kwenye daftari lililomo, unakirudisha palepale." Walikucheka. Mwalimu mstaafu wa jiografia anachakura chini ya mawe kama kuku! Ukacheka kuwazidi.

Vingi tulivipata pamoja. Vilivyobaki nimevitafuta na mume wangu, Baba Zuhura, kila alipopeleka mzigo Mbeya au Songea. Cha mia tulikichagua kwa makusudi: kiko juu kabisa, upande wa Makete, kwenye ukingo unaotazama Ziwa Nyasa. Wenzetu wa mchezo walibaki kijijini chini ya mlima wakipika pilau ya kutupongeza.

Tulipanda jua likiwaka. Zilipobaki kama hatua arobaini, ukungu ukapanda kutoka bondeni ukatufunika. Baba Zuhura alikuwa mbele. Niliona mgongo wake, halafu sikuona kitu.

"Baba Zuhura!"

Nikaita tena.

"Baba Zuhura, uko wapi?"

Nikasikia jiwe likiporomoka. Nikasubiri nisikie likitua. Sikusikia.

Shangazi, nilikaa chini nikashika majani kwa mikono miwili. Nilitaka kutambaa nimfuate, nikashindwa kuyaachia. Niliita mpaka sauti ikakauka. Nikaanza kuwaza maneno ya kumwambia Zuhura.

Ukungu ulipopasuka nilimwona amelala kifudifudi, mkono mmoja unaning'inia nje ya ukingo, macho wazi.

"Nilikusikia," alisema kwa sauti ndogo. "Niliogopa kufungua mdomo. Niliona nikipumua tu nitaanguka."

Alirudi nyuma kwa tumbo, kidogo kidogo, mpaka nikamkamata mguu.

"Twende nyumbani," nikamwambia.

"Kikasha kiko nyuma yako, Mama Zuhura. Chini ya hilo jiwe."

Kweli kilikuwepo. Niliandika majina yetu na namba mia, kwa mwandiko ambao hata wewe usingeusahihisha. Kijijini walitupigia vigelegele, wakanivisha shada la maua. Nilitabasamu kwa ajili ya picha. Sahani yangu ya pilau niliirudisha ilivyo.

Tangu siku hiyo hofu haijaniacha. Mume wangu akizunguka tu nyuma ya lori lake nisimwone, namwita. Anaitika kila mara, hata mbele ya matingo wake.

Ndipo nikakumbuka siku ukungu ulipotunasa mimi na wewe, milimani karibu na Mlangali. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza shule. Ulinikalisha ukaanza kunitajia mito ya nyanda zote za juu, mmoja baada ya mwingine, sauti imetulia kana kwamba uko darasani. Nikajisemea, shangazi yangu haogopi kitu. Lakini ulikuwa umeniminya mkono mpaka vidole vikafa ganzi, na hukuniachia hata ukungu ulipoondoka, mpaka tulipoikanyaga barabara. Nilidhani unanizuia mimi nisianguke.

Uliogopa, Shangazi. Na Jumamosi iliyofuata ulinipitia tena, buti mguuni. Laiti ungeniambia. Au labda ungeniambia, ningekimbia.

Jumamosi hii Baba Zuhura anataka tukatafute cha mia na moja, kwenye msitu wa paini karibu na Njombe, ardhi tambarare. Nimekubali, ingawa bado naogopa. Nimemwambia tutashikana mikono tangu tunaposhuka garini mpaka tunaporudi.

Hakucheka. Alisema, "Nilikuwa naogopa kukuomba hivyo."

Pumzika, Shangazi yangu.

Mimi mwanao,
binti wa kaka yako