Mapigo Arobaini

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikaweka kalamu chini, mazoea tu, nikingoja useme, "Marahaba, dresa wangu."

Leo tumekusomea arobaini. Mama bado yumo edani. Wageni wakila pilau, kila mmoja alisema marehemu alikuwa na moyo wa pole. Nikashindwa kula, nikaondoka mkekani. Maneno hayo ni yangu, Baba.

Siku ile ulikuwa umeinuka kutoka sijida ukayumba, ukanijia zahanati ninapofunga vidonda na kugawa dawa, ukicheka kwamba ni saumu tu. Nikakushika kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo arobaini kwa dakika nzima. Nikadhani saa ndiyo inayokimbia, nikarudia. Arobaini. Tulipojifunza kazi tuliambiwa wachukuzi na wakimbiaji mioyo yao hupiga taratibu kwa nguvu walizo nazo. Basi nikakwambia, "Moyo wako ni wa pole, Baba, wa mtu hodari." Ulivyofurahi! Kijiji chetu kizima cha Mzenga kikajua. Vijana walipotaka kukupokea gunia la muhogo, ukawafukuza: "Mwanangu amenipima, niacheni!" Ukaanguka katikati ya kilima.

Juzi alipita daktari kukagua dawa. Nikamwuliza, kana kwamba nasema habari za mtu baki. Akaniambia moyo wa hodari hutulia akikaa, lakini akipanda kilima nao huenda mbio. Ulio mgonjwa hauongezi mwendo. Unabaki pale pale, damu haifiki kichwani, mtu anapata kizunguzungu, anaanguka. Dawa ya kuuponya hana, alisema, ila mzigo angemkataza.

Nilikupima umekaa kwenye benchi, Baba. Sikukwambia hata uzunguke zahanati mara moja nikuhesabu tena. Nilikupima umekaa, kisha nikakutwika gunia.

Mama hajui. Huniambia afadhali nilikupima, ulikwenda bila hofu. Kila akisema hivyo natamani ardhi inimeze.

Eda ikiisha nitamwambia mwenyewe, hata akinifukuza. Na mgonjwa yeyote nitakayemkuta na mapigo kama yako, nitamtembeza kwanza, nimhesabu upya, ndipo nifungue mdomo wangu. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, Baba. Mungu akupe pumziko. Gunia lako halikubaki kilimani, nililirudisha nyumbani mimi. Nilipumzika mara tatu njiani. Nisamehe.

Mwanao