Alida Hatoki Nyumbani

Liège, 14 Oktoba 1991

Dada Béatha,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi hii. Mimi mzima. Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie nakula vizuri, hata kama si kweli kila siku.

Chuoni kuna chumba cha kompyuta, na wenzangu wanacheza michezo humo hadi wanasahau kula. Nimeitazama sana. Shujaa wao ni bonge la mtu, kifua mbele, lakini kichwani hamna kitu. Anatumbukia shimoni, anakufa, anafufuka, anatumbukia shimo lilelile. Sasa mwalimu anataka kila mmoja wetu atengeneze mchezo wake. Mimi nataka shujaa mwenye akili. Ni mwanamke, nimempa jina Alida.

Shida ni kwamba akili hiyo sina. Unayo wewe, uliyeacha shule ukakaa kwenye cherehani ili mimi niendelee. Basi tufanye hivi: nitakuandikia mtego, wewe uniandikie Alida anafanya nini, nami nitamfundisha kwenye programu. Wa kwanza huu hapa. Alida ana mzigo wa kupeleka ng'ambo ya mto. Darajani kuna mlinzi anayedai barua ya ruhusa, na Alida hana barua.

Mdogo wako,
Achille


Nyamirambo, 2 Desemba 1991

Achille, mdogo wangu,

Tumepata barua yako na Mama ameilaza chini ya mto wake. Goti linauma wakati wa mvua, presha imetulia. Mimi nipo na cherehani yangu, na Xavérine bado tunashona pamoja, anakusalimu na kukuuliza kama umeshapata Mzungu.

Nilicheka kusikia serikali imekulipia nauli ili ukaangalie watu wanaoruka mashimo. Haya, sikiliza. Alida haendi darajani. Anakaa kwa yule mama anayeuza karanga mkabala na daraja, ananunua kidogo, anatazama. Mimi nikiletewa kitambaa simpimi mtu mara moja, kwanza namwacha atembee humu ndani nione bega lipi limeshuka. Alida naye amtazame mlinzi. Ataona kwamba wanaobeba vitu vya mkubwa wake hawaulizwi barua. Basi naye apite akimuuliza mkubwa huyo anakaa wapi, maana mzigo wake umechelewa.

Kula vizuri kweli.

Dada yako,
Béatha


Liège, 20 Februari 1992

Dada,

Natumaini wote hamjambo. Mimi nimepona mafua.

Alida amevuka! Mashujaa wa wenzangu walikufa pale darajani bila hata dakika kupita, Alida akakaa kwa muuza karanga hadi mwalimu akadhani kompyuta imekwama. Kisha akainuka, akapita. Mwalimu alivuta kiti akakaa kumtazama.

Nipe zaidi. Njiani kuna watu wanaodai vitambulisho. Barabara ni mbili, na mojawapo ni mbaya. Atajuaje?

Mdogo wako,
Achille


Nyamirambo, 8 Novemba 1992

Achille,

Nisamehe kwa kunyamaza miezi yote hii. Mama hajambo kiasi. Mimi nipo.

Kuhusu Alida. Asivae viatu vipya. Abebe chupa ya dawa ya mtoto, hata kama hana mtoto. Asikimbie hata akiitwa, na asitembee haraka. Baa wanakokunywa wale watu wa vitambulisho asiipite siku ya mshahara. Barabara mbaya ni ile ambayo wachuuzi wameikimbia, basi kabla ya kushuka Nyabugogo aangalie kwanza kama kuna wenye kuuza. Akiulizwa jina alitaje polepole, na macho ayaweke kwenye kifua cha anayeuliza, yasipande yasishuke.

Ni hayo tu kwa leo.

Dada yako,
Béatha


Liège, 11 Januari 1993

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama.

Ile barua yako ni dhahabu. Ile chupa ya dawa! Yale macho ya kifuani! Nimeyaandika yote, na Alida sasa anaishi muda mrefu ajabu. Wenzangu wanauliza dada yangu anasoma vitabu gani. Unayatoa wapi haya yote?

Mdogo wako,
Achille


Nyamirambo, 3 Aprili 1993

Achille,

Sisomi vitabu, wala sibuni.

Mwezi uliopita mimi na Xavérine tulikuwa tunashuka Nyabugogo kununua vitambaa. Basi likasimamishwa, tukaambiwa tutoe vitambulisho. Unakijua kitambulisho chetu, unaujua na ule mstari ulioandikwa kabila. Xavérine alitolewa nje kwa sababu ya mstari huo. Wangu umeandikwa vilevile. Aliyekuwa akikagua alikuwa ameshakishika kitambulisho changu mkononi, mwenzake akamwita kwamba bia zimefika, akanirudishia bila kusoma. Xavérine alirudi kesho yake, na meno mawili hana.

Yote niliyokuandikia Novemba ndivyo tunavyotembea huku. Wewe ulifurahi, na mimi sikutaka kukuharibia. Nimechoka tu leo.

Dada yako,
Béatha


Nyamirambo, 24 Februari 1994

Achille,

Tu wazima, ingawa wiki hii jijini watu wameuawa na hatujatoka siku tatu. Barua hii anakuja nayo mtawa anayesafiri, na atarudi huku baada ya wiki mbili. Mpe jibu mkononi, usiitie posta.

Frederick, mume wa shangazi Mukagasana kule Ngara, ng'ambo ya mpaka, anapita na lori lake tarehe kumi na tano Machi. Alikuja mwenyewe kutuambia: "Nafasi iko ya watu wawili. Mama atakaa mbele na mimi. Lakini nitapita mara moja tu, sitarudi tena."

Mimi nataka twende. Mama hataki. Anasema goti halitafika Ngara, na nyumba hii aliijenga na Baba. Nimemsihi hadi nimelia. Mwisho akasema atafanya utakavyosema wewe, kwa kuwa wewe ndiye umesoma. Nikamwambia juu ya Alida wako aliyejifunza njia zetu zote, akapenda sana. Anasema muulize Alida.

Dada yako,
Béatha


Liège, 4 Machi 1994

Dada, na wewe Mama,

Nawasalimu kwa moyo mzito. Sijalala vizuri tangu nipate barua.

Nimemweka Alida katika nyumba ya Nyamirambo, na mama mzee anayetembea polepole. Nimemwendesha mara mia tatu. Akitoka na mama kwenda mpakani, anakamatwa mara nyingi kuliko anavyofika, kwa sababu vizuizi ni vingi na mama hawezi kuacha barabara. Akibaki nyumbani, karibu na watu wanaomjua, anaishi karibu kila mara. Mara za mwisho hata simsukumi, anakaa mwenyewe. Na askari wa Umoja wa Mataifa si wapo hapo mjini?

Kaeni. Msipande lori.

Mtoto wako na mdogo wako,
Achille


Nyamirambo, 17 Machi 1994

Achille,

Jibu lako limefika. Nilimsomea Mama mara tatu, kila mara akitikisa kichwa kukubali. Ana raha, amepanda maharage uani.

Lori limeondoka juzi. Nilitoka hadi barabarani kumuaga Frederick, nikarudi ndani.

Dada yako,
Béatha


Liège, 19 Juni 1994

Dada,

Hii ni ya nne tangu Aprili. Moja imerudishwa ikiwa na muhuri kwamba huko hakuna posta. Siulizi hali, naogopa kuuliza.

Nimekaa na programu yangu nikaisoma mstari kwa mstari, na nimeona nilichofanya. Walinzi niliwaandika kwa kurasa na kurasa, kwa maneno yako. Majirani niliwaandika asubuhi moja, kwa haraka, kwa mistari minne: wanasalimia, wanaazimana moto, wanarudi kwao. Hakuna mahali popote nilipoandika kwamba jirani anaweza kubadilika. Wala sikumfundisha Alida kuwatilia shaka. Ndiyo maana alikuwa anaishi kila nilipomweka ndani. Niliwapa hilo kama jibu, wewe na Mama.

Kama unaisoma hii, niambie uko hai. Niambie uliishije.

Mdogo wako,
Achille


Nyamirambo, 9 Septemba 1994

Achille,

Mimi nipo. Mama hayupo. Walimuua tarehe kumi na moja Aprili, mchana, hapa uani. Mmoja wao alikuwa mteja wangu wa suruali. Barua zako tatu nimezipata leo kwa pamoja.

Unauliza niliishije. Sitakuambia. Najua unauliza kwa kunipenda, lakini nakujua pia, utataka Alida ajue. Hakuna cha kumfundisha. Nilirudi nilikotoka, jambo ambalo hakuna mwenye akili angelifanya. Nilikohoa walipokuwa wakinitafuta. Xavérine alikuwa mwerevu kuliko mimi, alijua kila uchochoro wa mtaa huu, na walimpata siku ya pili. Ukitengeneza Alida anayeokoka kwa akili zake, utakuwa unasema Mama na Xavérine hawakuwa nazo.

Kuhusu ile barua ya Machi, nina hasira nawe. Nina hasira na mimi pia, kwa sababu nilitaka kwenda nikanyamaza. Sijui itaisha lini, na sitaki kukudanganya kwamba imeisha.

Mama nilimfukia mwenyewe nyuma ya jiko, kwa mikono na kifuniko cha sufuria. Wamekuja watu kunisaidia kumzika vizuri, nimewakatalia mara mbili. Niliwaambia ana mtoto mwingine, na yuko njiani. Usiniandikie tena. Panda ndege uje tumzike.

Dada yako,
Béatha